Mwaka wa Sponji ya Lusia

Mama Ezra tumemzika Jumanne, Hasamba, nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake, kwenye ukingo wa shamba la mibuni. Mvua ilikuwa ile ya Mbozi, nyembamba, isiyo na haraka, inayolowesha bila kelele, na wanaume walioshusha jeneza walikuwa wakiteleza na kushikana mabega. Nilikuwa nimetoka Tunduma asubuhi na mchele wa rambirambi kwenye kikapu, nikijiambia njia nzima kwamba nakwenda kumzika mwanamke aliyenilisha na kunilaza mwaka mzima bila hata mara moja kuniuliza nitaondoka lini. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Nilijua Lusia atakuwepo. Marehemu alikuwa shangazi yake, na nyumba ile ya Hasamba ndimo alimobaki akiishi hata baada ya baba yake kufariki. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona nguo za maharusi na za maiti, nimezika mume, na sidhani kama naogopa watu kirahisi. Lakini nilipomwona Lusia kwenye jiko la msibani, ameinama anachochea kuni, koti la kijivu limemwelemea mabegani, nilitafuta pa kukaa. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka thelathini na tano, na kosa lilikuwa langu.

Habari za ukoo wangu nitaziruka; hazina hatia katika jambo hili. Inatosha kujua kwamba natoka Ivuna, kunakochemshwa chumvi, na kwamba nilifika Tunduma nikiwa na miaka kumi na tisa kumsaidia Mama Ezra kupikia madereva. Siku hizo Songwe haikuwa mkoa, tulihesabiwa Mbeya, na Chapwa, mtaa alikokaa, ilikuwa mashamba zaidi ya nyumba. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu kwa mstari, na mbele banda la mbao lenye benchi nne na meza mbili ndefu. Malori yaliyosubiri kuvuka yalipanga foleni hadi karibu na kwetu, na madereva walikuja kwa miguu, wamevaa ndala, wakiulizana habari kwa lugha tatu. "Muli shani, bamayo," Wazambia walimwamkia, naye aliitikia kwa Kibemba, akamgeukia Mnyiha wa benchi la pili kwa Kinyiha, kisha akanigombeza mimi kwa Kiswahili. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na viazi vitamu. Mchana ugali, maharage na samaki wakavu wa Rukwa, ambao harufu yao ilikaa kwenye nywele zangu mwaka mzima. Nilikula vizuri kuliko nilivyowahi kula, na bado sikuwa na furaha, maana nilikuwa mgeni na aibu ilinifanya mzito wa kusema. Nikiulizwa jambo nilitabasamu. Naona sasa kwamba watu wengi walidhani mimi ni mpole, na mimi mwenyewe niliamini hivyo, kumbe nilikuwa mwoga tu.

Nilipangiwa chumba cha katikati pamoja na Lusia, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, kabati lisilofunga, na meza chini ya dirisha. Juu ya meza palikuwa na tangi la kioo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Lilitengenezwa na fundi wa madirisha aliyeapa kwamba halitavuja. Likavuja wiki mbili, akaitwa akalirudia. Juu ya kabati ilikaa ndoo, na kutoka kwenye ndoo ulishuka mpira wa dripu ya hospitali ukidondosha maji tone kwa tone ndani ya tangi, na upande wa pili mpira mwingine uliyatoa yaliyozidi kupitia dirishani hadi kwenye mgomba. Ndani hapakuwa na samaki hata mmoja. Palikuwa na jiwe, na jiwe lilifunikwa na kitu cha kijani chenye vidole vifupi na vitundu, kama koga la mtungi lililoamua kunenepa.

"Usiweke kitu juu ya hiyo meza," Lusia aliniambia. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kwanza.

"Kuna nini?"

"Kuna mnyama."

Nikainama, nikatazama nyuma ya jiwe. "Amejificha?"

"Ndiye huyo unayemtazama."

Nilidhani ananichezea shere. Sponji nilizozijua mimi zilikuwa za kuoshea sufuria na za magodoro, na hakuna hata moja iliyokuwa hai. Lakini hakucheka. Siku ya tatu, labda kwa kuchoka na macho yangu ya kutoamini, alichovya sindano ya hospitali kwenye kikombe cha maziwa, akaiingiza majini taratibu na kuachia tone moja karibu na kile kitu. Maziwa yalisimama kidogo, kisha yakaanza kuvutwa, yakaingia kwenye ule ukijani kana kwamba umeyanywa. Tukangoja. Kwenye tundu kubwa la juu kikatoka kijito chembamba cheupe, kikapanda na kupotea. "Inakula, Vero," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema habari za mtoto wake. "Siku nzima inavuta maji, inachuja chakula, inayatoa yakiwa safi. Vitabuni inaitwa sifongo. Watu wanadhani ziko baharini tu, kumbe zimejaa Mto Momba, wanawake wanafulia juu yake." Tangu siku ile nilimwamini. Nilimpenda pia, kama mtu anavyompenda dada aliyejitafutia mwenyewe, na nasema hivyo nikijua litakalofuata.

Jikoni nilinong'onezwa mengine. Lusia alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, wa kwanza kutoka kijiji chao, akisomea mambo ya viumbe. Mwaka wa pili alifika mlangoni mwa chumba cha mtihani akashindwa kuingia. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu walimkuta amekaa kwenye ngazi anatetemeka, kalamu mkononi, hawezi kusema jina lake. Akarudishwa nyumbani, na Hasamba nzima ikasema shule imemharibu kichwa. Mwalimu wake mmoja, mzee, hakumkatia tamaa. Alimwambia achukue sponji ya mto wa kwao, aitunze mwaka mzima, masika na kiangazi, aandike kila siku anachokiona. Hasa alitaka kujua kama ikiwa kwenye tangi itatengeneza mbegu zake wakati wa baridi, zile zinazobaki hai hata sponji yenyewe ikinyauka, na kama mbegu hizo zitaota mvua zikirudi. Akiufikisha mwaka ule mwisho, atampokea tena darasani.

Haya ya mwalimu aliniambia Lusia mwenyewe. Ya baba yake niliyasikia bila kualikwa. Alikuja kutoka Hasamba mwezi wa tatu, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, akakaa na dada yake kwenye banda baada ya wateja kuondoka, na mimi nilikuwa nyuma ya ubao nikisugua masufuria. "Dada, mimi sina ugomvi na shule," alisema. "Nina ugomvi na kumwona mwanangu amekaa kwenye kona analia. Hilo dudu lake likifika mwisho, nitamsindikiza mwenyewe hadi chuoni. Likimfia, namchukua. Akae nyumbani, achume kahawa, apone. Sitamsukuma tena akavunjike mara ya pili." Mama Ezra alivuta kamasi akasema, "Iwe, wewe kaka, kumpa mtu mwaka mzima wa kulinda koga! Mimi hata kuku wangu hawafiki mwaka." Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko cha wazee walioishiwa na ushauri. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejua kwamba kwenye kile chumba ninacholala, juu ya meza, maisha ya mtu yamewekwa kwenye maji.

Nikawa msaidizi wake bila kuombwa. Maji ya bomba yalikuwa na dawa, na dawa ingeiua, kwa hiyo tulichota kisimani, tukayaacha kwenye mtungi siku moja yatulie. Mikono iliyoshika sabuni haikuruhusiwa kuingia tangini. Dirishani kulikaa chupa ya maji ya bwawa yaliyogeuka kijani kwa jua, na kila asubuhi Lusia aliyavuta kwa sindano akailisha. Kubwa kuliko yote, sponji haikutakiwa kutolewa majini hata kwa sekunde: hewa ikiingia kwenye vile vitundu haitoki, na mnyama anakufa pole pole kutoka ndani. Alipoileta kutoka Momba alilizamisha jiwe kwenye ndoo humo humo mtoni, akalipakata kwenye lori safari nzima, maji yakimwagika kwenye sketi. Kila jioni aliandika kwenye daftari: rangi, joto la maji, matundu mangapi yamefunguka. Miezi ile ya kwanza alikuwa akiandika mistari miwili tu. Kufika mwezi wa tano aliandika kurasa mbili, akawa anakula na kuongeza, akawa anabishana na madereva kuhusu siasa. Jioni moja alimwambia dereva mmoja mbele yangu, "Mwakani sitakuwepo hapa, kaka. Utaniletea barua chuoni." Nilimwona jinsi alivyosema, kidevu juu. Nikimkumbuka siku hizi ndivyo ninavyomkumbuka, na nikishamkumbuka hivyo kazi ya cherehani hainiendei tena siku hiyo.

Baridi ikaja. Mwezi wa sita Tunduma upepo unakata, na Mbozi kahawa inaiva. Baba yake alituma ujumbe kwamba watu wa kuchuma hawatoshi, mama anaumwa mgongo, Lusia aende wiki tatu. Hakutaka kwenda. Alizunguka tangi kutwa, kisha akaniita, akanishika mikono yote miwili. "Nakuachia, Vero. Ndoo isikauke. Umlishe asubuhi. Na unisikilize hapa: inaweza kubadilika. Inaweza kuwa ya kijivu, ikanyauka, ikatisha. Ikibadilika usifanye chochote. Chochote, umesikia? Unitumie habari tu, nitakuja." Nilimwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, siwezi kujitetea kwa hilo. Alipanda gari la Vwawa akinipungia mkono hadi lilipokata kona.

Siku ya nane ukijani ulianza kuondoka. Siku ya kumi ilikuwa kijivu, kama kidonda kilicholowana, na vidole vikaanza kumeguka na kulala chini ya tangi. Nilimpa utingo mmoja aliyekuwa akielekea Mbeya kikaratasi akiache Vwawa kwa mtu wa Hasamba. Sijui kilifika wapi. Simu za mkononi hazikuwapo, na ya mezani ilikuwa posta, na Hasamba hapakuwa na ya kupokea. Siku ya kumi na mbili nilikaa kitandani nikiitazama inavyokufa, maana hivyo ndivyo nilivyoona, na nikamwona Lusia kwenye kona ya nyumba ya baba yake analia. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikufanya kwa uzembe. Ningekuwa mzembe, ingepona.

Kwetu Ivuna chumvi ndiyo dawa ya kwanza. Jeraha huoshwa kwa chumvi, jino husukutuliwa kwa chumvi, kuku anayesinzia hupewa maji ya chumvi, na ng'ombe aliyekataa kula hulambishwa bonge hadi asimame. Nilikuwa na bonge kwenye furushi langu la nguo, la mkono wa mama yangu, la kijivu, zito, lenye harufu ya moshi. Nilivunja kipande cha ukubwa wa yai, nikakiyeyusha kwenye bakuli, nikayamimina maji yale taratibu kwenye pembe ya tangi, nikiomba Mungu. Nilikuwa na uhakika. Hata furaha nilikuwa nayo, ya mtu aliyekumbuka dawa. Kiumbe ambaye hajawahi kuonja chumvi tangu dunia iumbwe, mimi nilimpa ya kumtosha ng'ombe.

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na harufu yake ilitoka hadi kwenye banda. Dereva mmoja aliacha ugali wake mezani. Mama Ezra aliingia chumbani amejifunika pua kwa kanga. "Iwe Vero, katoe huo mzoga! Unataka nikose wateja?" Nikabeba. Niliyamwaga maji nyuma ya choo, nikalitoa jiwe juani, na ule uozo ulipobanduka nikaona chini yake, kwenye upande wote wa chini wa jiwe, punje. Zilikuwa ndogo kuliko ulezi, za rangi ya udongo, zimejipanga zikabana, mamia kwa mamia. Nilidhani ni mayai ya funza. Nikachota majivu jikoni na gunzi la mahindi, nikalisugua lile jiwe kama ninavyosugua sufuria, kwa nguvu, nikilia, hadi likang'aa. Kisha nikalirudisha tangini na maji mapya ya kisima ili Lusia akija asikute uchafu.

Alikuja siku ya ishirini, na begi mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa. Alilitazama lile jiwe tupu muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni na maneno yote nimeyapanga: chumvi, majivu, nisamehe. Aliponigeukia hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Alikuwa na kitu usoni ambacho sikukielewa, kama tumaini.

"Imenyauka?" aliuliza. "Ilikuwa kijivu kwanza?"

"Ndiyo."

"Na punje? Chini ya jiwe, Vero. Vipunje vidogo vya udongo udongo. Uliviona?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja: kwamba haikuwa inakufa, kwamba ilikuwa inafanya kile kile alichokuwa akikingoja miezi yote ile, kwamba zile zilikuwa mbegu, na kwamba hata chumvi yangu pengine isingeziua zote, ila gunzi na majivu yangu yaliziangamiza. Nafasi ya kusema ilikuwa pale, na ilikuwa kubwa kama mlango.

"Hapana," nikasema. "Sikuona kitu. Niliamka tu nikaikuta imekufa."

Alikaa kitandani. Aliuliza tena, polepole, kama nina hakika, nikasema nina hakika. Akaanza kuhesabu makosa yake kwa sauti: labda tangi lilikuwa dogo, labda maji ya bwawa aliyazidisha, labda jiwe lilipigwa na jua safarini, labda alipaswa kutokwenda Hasamba. Nilisimama pale nikamwacha atafute kosa ndani yake, na kila alilolitaja nilinyamaza. Nilimwambia twende Momba tukatafute jiwe jingine. Alinitazama kama vile nimemwambia kitu cha kitoto. "Nitaiua na hiyo," alisema. Baada ya siku nne baba yake alikuja kumchukua. Alikuwa mwema sana, yule mzee, alimshika bega mwanawe hadi kwenye gari. Daftari lilibaki chini ya kitanda na Mama Ezra aliwashia moto kurasa zake moja moja, hakujua. Mimi nilimaliza mwaka wangu, nikapata cherehani mjini, nikaondoka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu hukua akaenda zake. Haya yangu yalikaa.

Sasa turudi Jumanne. Baada ya maziko niliingia jikoni, maana kwenye msiba mwanamke asiye na kazi huonekana, na nilipewa karai la viazi na kisu. Lusia alikuwa upande wa pili wa karai hilo hilo. Tulisalimiana kama watu wazima. Nywele zake ni nyeupe zote. Aliniuliza habari za mume, nikamwambia alifariki, akanipa pole. Nikamuuliza watoto wangapi, nikajilaumu papo hapo, maana hakuna swali tunalolitupa ovyo kama hilo.

"Sina," alisema, anamenya. "Sikuolewa. Mdogo wangu alipofariki aliacha kitoto, miezi mitano, Neema. Walikileta kwangu, hapa hapa, wakakiweka mapajani. Nikakataa. Baba alipiga magoti, Vero. Nilimwambia sithubutu, mimi vitu hai vinanifia. Wakampeleka kwa ndugu wa baba yake huko Zambia. Amekua, ana watoto wake. Hanijui." Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza ni kwa nini hapandi mahindi kwenye bonde fulani. "Mtu akijijua mapema ni vizuri. Nilijijua mapema."

Nilikuwa nimekuja nikijua nitamwambia, na nilikuwa nimejua hivyo mara nyingi miaka mingine bila kupanda gari. Lakini kusikia maneno yale nilishindwa kuendelea kushika kisu. Nilimwambia yote, pale kwenye moshi, kwa sauti ndogo ili wanawake wengine wasisikie. Nilimwambia chumvi. Nilimwambia uozo, jiwe, majivu, gunzi. Nilimwambia kwamba aliponiuliza kuhusu punje nilimdanganya kwa sababu niliogopa uso wake. Sikulia. Nilikuwa nimekwisha kulia kwa jambo hilo zamani na sikutaka alazimike kunibembeleza.

Hakuacha kumenya. Alimenya kiazi kimoja hadi mwisho, akakitia majini, akachukua kingine.

"Zilikuwa nyingi?"

"Upande wote wa chini. Mamia."

"Rangi?"

"Ya udongo."

"Zimebana, zimejipanga?"

"Zimejipanga."

Akaitikia kwa kichwa, kidogo, kama mwalimu anayesikia jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi aliyechelewa. Kwa muda nilidhani amenisamehe, na nitasema ukweli: nilipumua. Nilihisi kifua kinafunguka, kitu nilichokuwa nakitafuta tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na nikaona aibu kwa jinsi kilivyokuwa kitamu. Kisha nikamtazama. Mikono yake ilikuwa imesimama. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti, anapiga hesabu ya kitu, mwaka hadi mwaka, na nikaelewa kwamba ile nafuu yangu haikutoka hewani. Mtu huyu alikuwa na amani yake. Aliijenga juu ya jambo moja alilolijua kuhusu nafsi yake, akaishi ndani yake miaka yote hii, ikamtosha, na mimi nimeibomoa siku ya kumzika shangazi yake ili nipate usingizi.

"Nisamehe, dada Lusia."

Alikiweka kisu chini, akafuta mikono kwenye koti, akatazama nje mlangoni, kule mvua ilikokuwa ikiingia kwenye mibuni.

"Kwa hiyo Neema ningeweza kumlea," alisema.

Halikuwa swali. Wanawake wa nje waliita wakitaka viazi, nikanyanyua karai, nikawapelekea.